Maneno Matatu Niliyomkaririsha Bibi

Hapana, sikufanya vile ili nionekane mjanja. Shangazi yangu wa Iringa anasema hivyo mpaka leo, na tukikutana lazima tugombane. Mi nilitaka bibi aimbe, basi.

Nilikuwa mhamasishaji wa mradi wa utafiti hapa Rujewa. Napita nyumba kwa nyumba, nawaeleza wazee kwamba watu wa chuo wanataka kujua kama muziki unasaidia kichwa kisichoke uzeeni. Kila Alhamisi wazee wanaimba pamoja ukumbi wa kanisa. Shule sikufika mbali, mambo ya ubongo nilijisomea kwenye simu, ila kuongea naweza. Mzee mmoja kule mashine za mpunga aliniambia, "We kijana, ukinyamaza dakika mbili nitakuja." Nikanyamaza. Akaja.

Sharti moja: walichukua wazee ambao kumbukumbu bado iko sawa. Wenye dalili za kusahau walipewa barua waende hospitali. Na bibi yangu, aliyenilea, alishaanza kuweka chumvi kwenye chai.

Maswali niliyajua, maana mimi ndiye niliyekuwa nawatafsiria wazee kwa Kisangu. Wiki nzima nikamkaririsha. Leo siku gani. Mwezi gani. Halafu yale maneno matatu ya kukumbuka: jembe, kikapu, jogoo. Anapika, namuuliza. Anaosha vyombo, namuuliza.

"Unanichosha, mume wangu," akawa ananitania.

Akapita. Alhamisi ya kwanza akaingia na sauti ya pili, wenzake wakageuka wote kumtazama. Sijawahi kujivunia mtu vile.

Baada ya miezi kadhaa wakarudi kupima tena. Maneno wameyabadilisha. Dada wa utafiti akayasoma, akasubiri kidogo, akamwomba bibi ayarudie.

"Jembe, kikapu, jogoo," bibi akasema, bila wasiwasi.

Yule dada akaweka kalamu chini. Bibi akanigeukia. "Si ndivyo ulivyonifundisha?"

Nilijiandaa kufokewa na yule dada, nimfokee na mimi. Hakufoka. Alisema taratibu, "Kaka, angepata barua ile siku ya kwanza, daktari angemwona mapema." Barua akaiandika palepale. Bibi akatolewa kwenye kikundi, na mimi kazi ikaisha. Nikampeleka Mbeya, na daktari naye akauliza mlikuwa wapi siku zote.

Sasa kila Alhamisi bibi anavaa kitenge chake cha kanisani, anakaa kwenye kigoda mlangoni, ananiuliza wenzake amewakosea nini mbona hawampitii. Namwambia leo Jumatano. Ananiamini, anaingia ndani kuvua.

Haya, we unayesema ungesema ukweli tangu mwanzo, njoo umwambie. Utaanzaje?