Pawasoo, Risasi ya Nyati na Mnazi wa Posa Yangu

Siku waliyokuja kuniposa, mimi nilizungumzwa kidogo sana. Kilichozungumzwa tangu wageni walipokaa mpaka kivuli cha nyumba kilipofika kwenye banda la mbuzi ni kama msumeno mkubwa wa moto una nguvu kushinda risasi kubwa ya kuwindia. Hata leo nikikumbuka hasira hunipanda kwanza, kicheko huja baadaye.

Posa yenyewe nilikuwa nimeisubiri kwa hamu. Kijana aliyenitaka alikuwa dereva wa lori la chumvi kule Gongoni, mtu mpole, na kimoyomoyo nilikuwa nimeshamkubali zamani. Lakini kwetu Kakuyuni kukubali kimoyomoyo si kukubali. Upande wa mume huleta kadzama, yaani kibuyu cha mnazi, ile pombe ya minazi, kikawekwa mbele ya wazee, na hakuna anayekigusa mpaka msichana aitwe na baba yake amuulize mbele ya watu wote: tunywe, au tusinywe? Akisema kunyweni, ameolewa kwa kinywa chake. Akikataa, kibuyu hurudi kilikotoka. Mengine yote ya harusi huamuliwa na wazee, hata rangi ya leso za shangazi. Hilo moja ni la msichana, na nililitaka.

Baba yangu hukata miti. Ana misumeno ya moto miwili, pawasoo kama tunavyoiita. Ule mdogo ndio unaotulisha; huo ndio unaoangusha mivinje, mikorosho iliyozeeka na minazi iliyopigwa na radi. Ule mkubwa aliununua kwa mzungu mmoja wa Malindi aliyekuwa akihama, na ukiusimamisha, bapa lake la mnyororo humfika baba kiunoni. Huo hautoki nje kwa sababu ndogo ndogo. Hulala chumbani chini ya shuka, na mama amewahi kusema kwamba hata mke wa pili hujengewa nyumba yake, haletwi kulala na wa kwanza. Siku ya posa baba aliutoa, akaupaka mafuta, akauweka barazani mahali ambapo mgeni hawezi kupita asiuone.

Msemaji wa wageni alikuwa baba mkubwa wa mchumba wangu, askari wa wanyamapori mstaafu, mzee mwembamba mwenye bega la kulia lililoshuka. Nilikuwa jikoni na mama, nikichungulia katika tundu la ukuta wa makuti, nikamwona anavyoukodolea macho ule msumeno. Angeusifu tu, siku yangu ingepona. Badala yake akauliza, kwa adabu zote, kama kile kidude chapiga kelele tu au chakata pia.

Baba akacheka kicheko ambacho mama na mimi tunakijua. Akamweleza mgeni kuwa injini ya pawasoo ile yakaribia ya bodaboda. Mzee akasema laiti wangalijua, wangaliipanda kuja, kwa maana njia ilikuwa mbaya. Kisha akaanza habari zake. Katika kazi yake alibeba bunduki ya nyati na ndovu, ya kuwazuia walipovamia mashamba ya watu, na risasi yake moja ilikuwa na urefu wa kidole cha kati. Akakishika kidole cha baba amwonyeshe urefu huo, halafu akalishika gumba lake amwonyeshe unene. Nyati akipigwa nayo, alisema, husahau alikokuwa akienda.

Baba akaurudisha mkono wake. Nyati ni nyama, akasema, na nyama hata kisu chaikata. Yeye aliwahi kupasua mvule mzee, mnyororo ukakwama, na alipochimba akakuta risasi ndani ya gogo. Mti ulikuwa umeimeza ukaendelea kukua, wala haukuugua. Mzee akajibu kwamba hiyo ilikuwa risasi ya kitoto, tena ya mtu asiyejua kulenga, na kwamba mti ni adui mwepesi kwa sababu haukukimbilii. Baba akamwambia mti haukukimbilii, wakuangukia, na hautoi mlio kwanza.

Wali wa nazi ulikuwa umeshaiva, sasa ukaanza kushika ukoko. Mama alinituliza akisema wanaume wakianza na makubwa hufika kwenye madogo wakichoka. Mimi ndiye niliyekuwa hayo madogo.

Wakahamia kwenye mateke. Mzee akasema bunduki kubwa humpiga mwenyewe teke la bega, na wengi huogopa teke hilo kuliko nyati. Baba akasema pawasoo ukiigusisha mti kwa ncha ya bapa huruka ikakutafuta uso, na teke lake lina meno. Mzee akafungua vifungo vya shati aonyeshe bega. Baba akapandisha suruali aonyeshe kovu la paja. Mchumba wangu alikuwa ameketi katikati yao juu ya gogo la mkorosho, katika suruali iliyopigwa pasi, akitazama viatu vyake. Kwa desturi bwana harusi hasemi neno siku hiyo, na sijapata kuona mtu aliyeishika desturi kwa shida namna ile.

Maneno yalipokwisha, wakataka ushahidi. Baba aliinua pawasoo, akaikanyaga, akavuta kamba ya kuwashia. Ikakohoa. Akavuta tena na tena, jasho likamtoka, shati la sikukuu likamganda mgongoni. Mzee akashauri, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko matusi, kwamba nyati huwa hasubiri. Baba akampa kamba ajaribu yeye. Injini kubwa ina ukaidi wake. Kamba ilimnyang'anya mzee mkono, akapepesuka mpaka kwenye kuku. Alipoinuka, baba akavuta mara moja zaidi na pawasoo ikanguruma.

Moshi ukajaa uani. Majirani wakaja mbio wakidhani kuna msiba au bahati. Baba akatafuta cha kukata, akaona gogo la mkorosho, akamwashiria mkwe wake mtarajiwa ainuke, na kile kiti cha wageni kikawa vipande viwili mara moja. Alipoizima, masikio yetu yalikuwa yakilia. Baba akatabasamu kwa majirani wote.

Mzee hakuwa na bunduki, alikuwa na mkono. Alimwomba baba asimame, akamwekea kiganja begani, akasema teke lenyewe ni hivi, kisha akamsukuma. Baba akakaa chini kwenye vumbi la mbao. Akainuka akijipangusa na kusema kwamba naam, hilo ni teke. Mzee naye akakiri kwamba ule mkato ni mkato. Wakaanza kuambiana ukweli. Baba akasema, kwa sauti ya chini, kwamba pawasoo ile kubwa humvunja mgongo, na kazi zake zote huzifanya kwa ile ndogo. Mzee akasema bunduki ile kubwa aliibeba zaidi kuliko alivyoipiga. Wakacheka, wakapigana mabega, wakawa marafiki. Nikaliacha tundu, nikamwambia mama sasa wataniita.

Mama akachukua sinia la wali awapelekee. Alirudi nalo vilevile, halijaguswa, na uso wake umebadilika.

"Wamekunywa," akasema.

Nani aliyeanza, mpaka leo hajulikani. Moshi, vumbi, makoo yaliyokauka kwa ubishi. Mkono mmoja ulichota, wa pili ukapokea, na walipokuwa wakisifiana, kadzama ya posa yangu ilikwisha. Nilikuwa nimeolewa na sijafungua kinywa.

Nilitoka bila kuitwa, na leso ya jikoni kiunoni. Mzee aliona ninapotazama, akakitikisa kibuyu, akakiweka chini taratibu. Baba alikuwa na povu la mnazi kwenye sharubu. Nikawaambia kwamba nimesikiliza habari za nyati, za mvule, za bega na za paja, na nilikuwa nikingoja kuulizwa jambo moja tu. Mzee akaanza kuniomba radhi, akisema kosa ni la wazee na kesho wataleta kibuyu kingine. Baba alikipangusa kinywa kwa kiganja.

"Mwanangu, nilijua utasema tunywe," akasema mwishowe. "Ndiyo maana sikutaka mazungumzo yafike kwako."

Hasira yangu yote ilikosa mahali pa kukaa. Nilimwona baba alivyo, mtu mzima mwenye vumbi la mbao kwenye nywele, aliyekuwa tayari kubishana mpaka jua lichwe ili siku hiyo isiishe. Nilitaka kumkemea, na nilitaka kulia.

Hapo ndipo mchumba wangu aliposogea. Mikononi alikuwa na kata ya mnazi, imejaa hadi ukingoni. Walimchotea kama walivyowachotea wengine, na katika vicheko vile vyote na kupigana mabega, aliishika kwa mikono miwili asiinywe. Alimpa baba, akarudi nyuma.

Baba aliipokea. Akasafisha koo.

"Haya, mwanangu. Tunywe, au tusinywe?"

"Kunyweni, baba."

Akaipeleka kata mdomoni. Mtu aliyekuwa amemaliza nusu ya kibuyu bila ruhusa, alipopewa ruhusa akashindwa kumeza.