Brigadia, Sungura Aliyekatiwa Bima ya Dume

Glenys Ackroyd alikuwa radhi agongwe na baiskeli kuliko kumkwaza Daktari Thwaite, daktari wa wanyama wa mji wetu. Sisemi hivi kwa kumdhihaki. Siku moja nilimkuta anazunguka soko zima la mji wetu wa Skipton, mvua inamchapa, kisa tu kwenye mfuko wake mna dawa ya viroboto aliyoinunua dukani badala ya kuinunua kwenye kliniki ya daktari huyo. Alikuwa anakwepa kupita mbele ya dirisha lake. "Je, angeniona?" aliniuliza, maji yakimchuruzika puani. Nikamwambia angemwona, basi, si ana macho? Alinuna mpaka tukafika nyumbani.

Mimi ni jirani yake, tunagawana ukuta. Akipika nasikia, akiongea na sungura wake nasikia. Maisha yake yote ya kazi alipikia watoto wa shule, na shule ilipofungwa wenzake waliondoka na viti na masufuria, yeye akaondoka na sungura wa darasa la kwanza. Sungura mwenyewe alikuwa mnene, rangi ya majivu, masikio yamelala mashavuni, na chakula kikichelewa anapiga mguu sakafuni mpaka vikombe vinatikisika. Watoto walimwita Brigadia. Glenys alikuwa mjane asiye na mtoto, na tangu sungura yule aingie mle ndani niliacha kumsikia akiongea na redio.

Alimpeleka kwa Thwaite, bila shaka. Thwaite alikuwa ametibu wanyama wa nyumba ile tangu Glenys ni bibi harusi. Akamshika Brigadia, akamgeuza juu chini, akamtupia jicho moja. "Dume," akasema. "Dume safi, halina haja ya kisu." Glenys akashukuru mara tatu na kulipa.

Baadaye tukakaa mezani kwake kuchagua bima. Niliyemsukuma ni mimi, maana nilishaona mtu analia kwenye maegesho ya magari kwa sababu ya gharama za kumtibu paka. Bima ya kwanza ilikuwa rahisi lakini haikugusa meno, na sungura bila maradhi ya meno sijamsikia. Ya pili ililipia ajali tu. "Ajali gani?" nikauliza. "Anaishi sebuleni. Atagongwa na kochi?" Ya tatu ilikuwa ghali, ila ililipia ugonjwa wowote kwa maisha yake yote, mradi apate chanjo na kupimwa kila mwaka. Glenys aliacha kwenda saluni ili ailipie. Walipouliza jinsia, akajibu dume. Walipouliza daktari, akamtaja Thwaite, tena kwa fahari.

Basi, mambo yakaenda vizuri mpaka asubuhi moja ya mwezi wa tatu aliponigongea ukuta. Nilikwenda na nguo za kulalia. Kwenye taulo jeupe la Brigadia kulikuwa na damu, na ndani ya damu mna mabonge.

"Labda ni bitiruti," Glenys alisema.

"Ulimpa bitiruti?"

"Hapana."

Thwaite alimtazama sungura kwa muda ule ule wa jicho moja. Mkojo wa sungura hubadilika rangi, alisema, kwa majani anayokula. Tusubiri. Ni kweli mkojo wao hubadilika rangi, hilo hata mimi nilikuwa nimeshalisoma, lakini rangi ya majani haigandi. Nilimwambia Glenys hivyo ndani ya gari.

"Daktari kasema tusubiri, mpenzi."

"Tusubiri nini, Glenys? Aandike wosia?"

Alisubiri. Brigadia akaanza kuacha nyasi kavu kwenye chombo, kisha akaacha kupiga mguu, na ukimya ule ukanitisha kuliko damu. Damu iliporudi nilimwambia Glenys kwamba asipompeleka kwingine nitamwiba sungura nimpeleke mwenyewe. Akajua sitanii.

Kumchagua daktari mwingine kulifanyika jikoni kwangu, kwa kunong'ona, kana kwamba Thwaite amejificha chini ya sinki. Wafugaji wa sungura wana swali lao la mtego. Unapiga simu kliniki unauliza: siku ya upasuaji, sungura aache kula tangu lini? Kliniki ya kwanza ikajibu tangu jioni, kama mbwa na paka. Nikakata simu. Sungura hatapiki, na tumbo lake likikaa tupu linasimama, na likisimama anakufa. Ya pili walisema wanapokea sungura, ila daktari wao hasa ni wa farasi. Ya tatu, kule mjini Ilkley, mama wa mapokezi alicheka. "Aache kula kwa nini? Mletee kile anachokipenda zaidi, ale mpaka mlangoni mwa chumba cha upasuaji."

"Hao hao," nikasema. Glenys alikuwa amejiziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo.

Daktari Pell wa Ilkley alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono ya joto. Alikaa chini sakafuni, akampakata Brigadia, akamgeuza taratibu, akamtazama. Akamtazama tena.

"Nani aliwaambia huyu ni dume?"

Glenys akaanza kuangalia mabango ya ukutani. Nikajibu mimi, na sikupunguza neno.

"Basi huyu ni bibi," Pell alisema. "Bibi ambaye hajatolewa kizazi." Picha ya eksirei ilionyesha uvimbe kwenye mji wa mimba. Majike wasiopasuliwa huupata sana, akatueleza, lakini mapafu bado yalikuwa safi. Akitolewa kizazi sasa ana nafasi nzuri. "Mkikaa mkisubiri, utapanda kifuani, na hapo mimi sitakuwa na la kufanya. Nimpange Ijumaa?"

Gharama aliyoitaja Pell, Glenys hakuwa nayo, wala mimi. Ndiyo kazi ya bima, tukaambiana. Tukapiga simu pale pale kwenye gari, Brigadia kapakatwa mapajani mwangu, anapumua harakaharaka. Kijana wa bima alikuwa mpole mno.

"Naona hapa bima ni ya dume, bibi."

"Ndiyo, lakini imegundulika ni jike."

"Na madai ni ya kutoa kizazi."

"Ndiyo."

"Dume hana kizazi, bibi. Siwezi kulipia kiungo ambacho mnyama tuliyemkatia bima hana."

Nilimnyang'anya Glenys simu. Baada ya kelele, nyingi zikiwa zangu, akatueleza njia iliyobaki. Daktari aliyetajwa kwenye bima aandike kwamba yeye ndiye aliyemkagua sungura na kukosea jinsia. Hapo wangesahihisha na kulipa. Vinginevyo kosa lingehesabiwa ni la mwenye mnyama, kwamba alitoa habari za uongo, na bima yenyewe ingefutwa.

Glenys alioka keki ya tangawizi. Nilimsikia kupitia ukutani akipiga mayai na huku akijisemea maneno, akiyarudia, akiyabadilisha. Nikamwendesha hadi kliniki ya Thwaite, akaingia peke yake na bati lake la keki. Mimi nikabaki garini nikiutafuna ukosi wa koti langu. Alitoka anatabasamu.

"Kanipokea vizuri sana! Kasema ataandika leo leo. Hata keki kaipenda."

"Ulimwambia nini?"

"Nilianza kwa kuomba samahani."

"Samahani ya nini, mama wee?"

"Ya usumbufu. Nikasema samahani sana, daktari, kosa litakuwa langu, lakini inaonekana Brigadia ni jike." Akafunga mkanda wa gari, karidhika kabisa. "Si ndivyo mtu anavyosema?"

Ndivyo mtu anavyosema. Huku kwetu ukikanyagwa mguu, wewe uliyekanyagwa ndiye unayeomba radhi, na aliyekukanyaga anajua kwamba maana yake ni utoe mguu wako hapa. Thwaite alizaliwa mtaa wa tatu kutoka kwa Glenys. Anaijua lugha hiyo tangu tumboni mwa mama yake.

Alhamisi asubuhi kijana wa bima akapiga. Barua ya daktari imefika, alisema. Inaeleza kwamba mwenye sungura amekiri kosa la jinsia ni lake, na ameomba radhi kwa hilo. Kwa hiyo bima imefutwa. Pole sana, bibi.

Nilitukana. Nilitukana mpaka Brigadia akajisogeza pembeni ya kizimba. Nilisema maneno kuhusu Thwaite, kuhusu keki, kuhusu taifa zima linaloomba radhi hadi kwa milango. Glenys alikuwa amesimama katikati ya jikoni, kashika simu iliyokatika. Chombo cha nyasi kilikuwa kimejaa vile vile alivyokijaza jana. Kesho ilikuwa Ijumaa.

"Washa gari," akasema.

Safari hii niliingia naye. Ukumbi ulijaa watu na mbwa, na Thwaite alikuwa amesimama mezani kwa mapokezi akimkabidhi mzee mmoja vidonge.

"Glenys! Ile keki, jamani..."

"Sama..." Glenys alianza, akafumba mdomo. Nilimwona akilimeza lile neno. Akaanza upya. "Umeandika kosa ni langu."

Mbwa mmoja alibweka, mwenyewe akamnyamazisha. Thwaite akashusha sauti. "Twende ndani tuongee, mpenzi. Watu wanasubiri."

"Tutaongea hapa. Ulimshika wewe. Ulimgeuza wewe. Ukaniambia dume, ukaniambia tena tusubiri, na yeye anatoka damu. Sikukuomba radhi kwa sababu nimekosa. Nilikuwa na adabu tu, na wewe unajua. Kosa ni lako."

Mzee wa vidonge aliangalia viatu vyake. Mimi mwenyewe nilitamani kutoka nje, mimi niliyekuwa nikimchochea wiki nzima, kwa sababu katika mji ule sijawahi kumsikia mtu akimwambia mwenzake neno kama hilo mbele za watu. Thwaite aliiva wekundu kuanzia shingoni mpaka kwenye upara. Nilidhani atakataa. Akavuta karatasi, akaandika akiwa amesimama, akagonga muhuri.

"Miaka yote hii, Glenys," akasema, bila kuinua uso.

"Ndiyo," akajibu. "Miaka yote hii."

Garini nilimpa maji akayamwagia koti. Kufika alasiri bima ilikuwa imesahihishwa na kibali kimekwenda Ilkley, na Ijumaa Brigadia alikula majani ya karoti mpaka mlangoni mwa chumba cha upasuaji, kama tulivyoagizwa, ingawa alikula mawili tu na la pili akaliacha nusu.

Baada ya upasuaji Pell alitupokea na nguo za kazi bado mwilini. Uvimbe umetoka wote, alisema, na ulikuwa haujapenya nje. Lakini sungura akishaamka ni lazima ale. Akila, ameshapona. Asipokula, tumbo litasimama na kazi yote itakuwa bure. Wao walishamjaribu, amegoma. Labda atamkubalia anayemjua.

Tukaingia. Brigadia alikuwa amejikunja kwenye kona ya kizimba, tumbo limenyolewa, macho nusu, meno yanasaga kwa maumivu. Glenys alipiga magoti sakafuni na kishada cha kotmiri. Akakipeleka puani. Hakuna. Akakivunjavunja kitoe harufu. Brigadia akageuza kichwa upande wa pili, na Pell akaangalia saa ya ukutani. Mimi nilianza kuomba, na mimi si mtu wa kuomba. Glenys hakutoa mkono. Alianza kuongea kwa ile sauti ninayoisikia kupitia ukutani, mambo ya uji wa shule na watoto wasiomaliza maboga, mkono umenyooka.

Pua ikacheza. Ikaacha. Ikacheza tena. Halafu jani moja likavutwa, likaingia mdomoni, na tukasikia meno yanafanya kazi yake.

Nilipiga makofi, nikamkumbatia Pell, ambaye sikumjua vya kutosha kumkumbatia. Glenys hakugeuka. Nikadhani anacheka, mabega yalivyokuwa yakimruka. Nilipomshika nikakuta uso wote umelowa.

"Analo jani la tatu," nikamwambia. "Anakula, Glenys. Mbona unalia?"

"Tulikuwa na mbwa," akasema. "Bess. Mbwa wa mume wangu. Naye daktari alisema tusubiri." Brigadia alivuta jani jingine, naye akamwachia. "Tulisubiri mpaka akashindwa hata kunywa maji. Na tulipomaliza kumzika, nilikaa mezani nikamwandikia Thwaite kadi ya shukrani."