Maana ya Pili ya Ufalme

Kadi ya neno "ufalme" ilikuwa imekaa mezani kwa mwandishi wa kamusi tangu Jumatatu, na sasa ilikuwa Alhamisi.

Chumba cha kamusi kiko ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi. Harufu ya mpira mpya hupanda ngazi kila asubuhi na kukaa na wafanyakazi mpaka jioni. Kwenye ukuta wa duka wameandika kwa rangi nyekundu, "Mteja ni Mfalme", na chini yake kwa herufi ndogo, "Mali ikishauzwa hairudishwi." Kuna miaka ambayo mwandishi huyo, mwanamke, alikuwa akicheka kila anapopita pale. Siku hizi alipita tu, mkono mmoja ukishika shingo.

Wauza matairi ndio waliompa jina la Dada Kamusi, nalo likamganda. Kazi yake kwa miaka ishirini na miwili ni kuandika neno juu ya kadi, kisha kueleza chini yake maana zake kwa namba, ile iliyo kuu ikitangulia. Neno "mfalme" alilimaliza mwaka jana, herufi M ilipokuwa zamu yake, na halikumsumbua. Moja, mtawala aliyerithi kiti. Mbili, mtu aliyewapita wenzake katika jambo fulani. Tatu, karata yenye picha ya mtawala. Nne, kete ya drafti iliyovuka ubao mzima, ikafika mstari wa mwisho na kubebeshwa kete nyingine mgongoni. Hiyo huenda mbele na nyuma. Hiyo ya nne aliiandika akitabasamu, kwa sababu drafti ni mchezo wa baba yake.

Lakini "ufalme" ulimkwamisha. Maana ya kwanza aliiandika bila tabu: cheo, hali au kazi ya kuwa mfalme. Ya pili ni mahali, lile eneo ambalo mfalme analitawala. Neno moja limebeba kiti na nchi kwa pamoja, na mtu akilitamka peke yake huwezi kujua ni lipi kati ya mawili. Kwa watu wengine hilo ni jambo la darasani. Kwake lilikuwa jambo la nyumbani.

Baba yake alikuwa mlinda geti pale reli inapokatiza barabara kuu. Alishusha chuma chekundu na cheupe, na kila kitu kikasimama: malori, baiskeli, hata gari la mkubwa lenye bendera. Jioni alirudi kwenye nyumba yake ya vyumba vitatu, akavua kofia na kusema, "Sasa nimeingia katika ufalme wangu." Watoto walikua wakilisikia neno hilo zaidi kuliko majina yao. Katika ufalme huu viatu vinavuliwa mlangoni. Katika ufalme huu hakuna anayekula amesimama.

Miaka mitatu iliyopita alipigwa na kiharusi. Asubuhi ya siku ile, kwenye kitanda cha hospitali, ulimi ukiwa umeanza kuwa mzito, alimshika binti yake mkono na kusema, "Ufalme nimekuachia wewe." Mdogo wa binti huyo, mwanamume fundi friji, alikuwa upande wa pili wa kitanda, naye akasikia. Kufikia mchana maneno yalikuwa yameisha. Lilibaki moja tu, "haya", na mzee hulitumia kwa kila kitu: kwa njaa, kwa baridi, kwa salamu na kwa hasira.

Basi tangu hapo Dada Kamusi ndiye anayemwamsha, anayemnyanyua, anayemwogesha, anayemlisha uji kijiko kwa kijiko, kisha ndipo aende kazini, na jirani mshonaji hubaki na mzee barazani na cherehani yake. Akirudi, anaanza upya. Fundi friji huja sikukuu, na mkononi ana matunda.

Sasa fundi friji alikuwa anataka nyumba. Hakusema hivyo, alisema anataka "mambo yawekwe sawa". Chumba cha mbele kifunguliwe kiwe karakana yake, na mzee ahamie chumba cha nyuma, kile kisicho na dirisha. Alikuwa ameandika karatasi, na Jumamosi angekuja nayo ili dada yake atie sahihi.

Alipiga simu ile Alhamisi, saa nne asubuhi, kadi ikiwa bado mezani.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Mzee hajambo, kama ndilo ulilotaka kuuliza."

"Nilikuwa ndio nataka kuuliza."

"Najua."

"Dada, tusigombane. Wewe ndiye unayeandika kamusi, mimi naandika oda za gesi tu. Lakini ufalme ni cheo. Baba alikuachia cheo, yaani uwe mkubwa wetu, umwangalie. Hakusema nyumba. Angetaka kusema nyumba si angesema nyumba?"

"Nyumba hii aliita nini maisha yake yote?"

"Ule ulikuwa utani wa mzee."

"Na cheo hakikuwa utani?"

"Dada, wewe na maneno yako." Akakata simu kwa upole, kama mtu anayefunga mlango wa friji.

Dada Kamusi akachukua kalamu na kuandika maana ya pili bila kusita tena, kisha akampelekea Fundi Kurasa, mtu wa makamo anayepanga kurasa kwenye kompyuta ya dirishani. Fundi Kurasa alisoma, akavua miwani, akaivaa, akasoma tena.

"Dada Kamusi."

"Nakusikia."

"Ufalme, mbili: nchi, eneo au nyumba iliyo chini ya mfalme." Alimwangalia. "Hii nyumba imetoka wapi?"

Aliichukua kadi. Ni kweli, ilikuwepo, kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi zilezile nzuri za siku zote. Hakukumbuka kuiandika. Katika miaka ishirini na miwili amekosea nukta, amekosea ngeli, mara moja aliruka neno zima. Hajawahi kuongeza maana ambayo watu hawana.

"Mtoto wa darasa la sita ataamini," Fundi Kurasa alisema taratibu. "Atakwenda kwao amwambie mama yake kwamba kamusi imesema."

"Nipe kalamu nyekundu."

"Si lazima leo. Nenda nyumbani upumzike, uso wako umechakaa kuliko hii kibodi."

"Nyumbani ndiko nisikopumzika. Nipe kalamu."

Akalikata neno "nyumba" kwa mstari mmoja ulionyooka. Kalamu ilipopita, alingoja uchungu uje, kwa sababu alijua amekata nini. Haukuja. Kilichokuja ni usingizi, mzito, wa mchana kweupe, na nyuma yake wazo jepesi kwamba nyumba hajawahi kuitaka. Hakumbuki hata rangi ya ukuta wa chumba cha mbele. Anachokitaka ni kulala saa nne mfululizo bila kusikia "haya".

"Vijana wa mtaani kwetu," Fundi Kurasa alisema akiendelea kugonga herufi, "mtu akinaswa wanasema kaingia kingi. Kama kete ya drafti inayofanywa kingi, yaani mfalme. Umefika mwisho wa ubao, unapigiwa makofi, halafu unabebeshwa mwenzako mgongoni. Hiyo umeiweka kwenye kamusi?"

"Sijaiweka."

"Iweke. Hiyo watu wanayo."

Hakucheka, lakini maana hiyo aliibeba mpaka nyumbani.

Jumamosi fundi friji alifika mapema, shati jeupe limepigwa pasi, karatasi imekunjwa mara mbili katika mfuko wa kifuani. Mzee alikuwa katika kiti chake cha mbao karibu na dirisha la chumba cha mbele, ubao wa drafti mbele yake, vizibo vya soda vikiwa ndizo kete. Mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Wa kushoto bado unacheza.

"Baba, shikamoo."

"Haya," alisema mzee.

Dada Kamusi alileta chai. Wakanywa. Mdogo wake aliikunjua karatasi na kuinyoosha mezani kwa viganja viwili, akaeleza tena habari ya cheo na habari ya mahali, safari hii kwa maneno aliyoyafanyia mazoezi njiani. Alipomaliza, dada yake alisema, "Sawa."

"Sawa nini?"

"Nimekubali. Baba aliniachia cheo. Nimelichunguza neno wiki nzima, nikaona maana ya kwanza ndiyo ya kwanza. Nyumba ni yetu sote, na yeye mwenyewe bado yuko ndani yake."

Mdogo wake alishusha mabega. Huenda alikuwa amejiandaa kwa vita, na sasa hakujua mikono aiweke wapi. "Dada, Mungu akubariki. Nilijua utaelewa. Basi hapa chini, ukitia sahihi..."

"Ngoja. Kama ni cheo, mimi ndiye mfalme."

Akacheka. "Ndiyo, mtukufu."

"Basi leo kwa mara ya kwanza nakitumia. Maji ya moto yako jikoni. Malapa yako mlangoni. Vua hilo shati kama unalipenda. Mzee hajaoga."

"Dada."

"Taulo lake ni la bluu."

"Mimi sijui kumwogesha mtu mzima. Hizo ni kazi za..." Akaona uso wa dada yake, akaiacha sentensi ifie mdomoni.

"Hata mimi sikujua. Unaanza na uso ili asiogope. Mguu wa kulia hauna hisia, kwa hiyo maji yapime kwa kiwiko chako, usimuulize yeye. Ukimnyanyua, mwambie kwanza. Usimshtukize."

"Na nikikataa?"

"Cheo kinaachwa. Nitaandika hapo chini ya karatasi yako, kwa mwandiko mzuri, kwamba nimejiuzulu leo, na anayefuata ni wewe. Sina wa tatu."

Hakupandisha sauti. Hakuwa na sauti ya kupandisha. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, miguu imevimba juu ya viatu, na alisema yale kama mtu anayesoma kadi iliyokwisha sahihishwa. Mdogo wake alimtazama, na labda ndipo alipoona kuwa dada yake amekuwa na umri wa mama yao. Aliikunja karatasi, akairudisha mfukoni, akainuka. Shati hakulivua. Alilisahau.

Dada Kamusi alibaki akisikiliza. Alisikia ndoo ikiburutwa. Akasikia, "Baba, nakunyanyua sasa," kisha mguno wa watu wawili, na "haya", na tena "haya", ya pili kali kuliko ya kwanza. "Ni ya moto? Samahani, baba. Samahani." Mara tatu alitaka kuinuka, na mara tatu aliushika ubao wa meza akakaa.

Walitoka baada ya muda mrefu. Mzee amevaa vizuri ila kifungo kimoja kimerukwa, na mwanawe amelowa kuanzia kifuani mpaka magotini, anahema kama aliyepandisha friji ghorofani.

"Ni mzito," alisema. "Hivi alivyokonda, ni mzito."

"Ndiyo."

"Unafanya hivi kila siku?"

"Asubuhi na jioni."

Alitia mkono mfukoni akaitoa karatasi. Ilikuwa imelowa, wino wa kalamu umetawanyika, mistari yote imekuwa wingu moja la bluu. Akaishika kwa ncha za vidole, hajui aiweke wapi.

"Ianike," alisema dada yake.

"Haisomeki tena."

"Utaandika nyingine?"

Alikaa kwenye kiti cha upande wa pili wa ubao, mgongo umeinama. "Sijui. Mgongo unaniuma, dada. Niulize kesho."

"Kesho ni Jumapili. Kesho pia ni yako. Jumamosi na Jumapili, kila wiki. Hiyo ndiyo amri yangu, nyingine sina."

Akataka kusema kitu kuhusu wateja wa Jumamosi. Mzee akasukuma kizibo kwa kidole kimoja, polepole, mraba mmoja, kisha akamtazama mwanawe kwa lile jicho lililokuwa likiyasimamisha malori. "Haya," alisema.

Ilikuwa zamu ya mwanawe kucheza. Akacheza.

Dada Kamusi aliingia chumba cha nyuma, kile kisicho na dirisha. Kina giza hata saa tano asubuhi, na kwa mara ya kwanza aliona kizuri. Alijilaza juu ya magunia ya nguo za zamani, viatu miguuni, mkono chini ya shavu. Alikuwa na nia ya kufikiri kidogo kuhusu maneno ya Fundi Kurasa, kama "kuingia kingi" kuwekwe kwenye kadi ya "kingi" au kupewe kadi yake, na kama mtu aliyebebeshwa anaweza kweli kurudi nyuma. Nje vizibo viligonga ubao, kimoja, kimya kirefu, kingine. Kisha vikagonga viwili kwa pamoja, sauti fupi ya bati juu ya bati. Mmoja wao amefikisha kete yake mwisho wa ubao, ikabebeshwa nyingine.

"Dada," mdogo wake aliita. "Mzee anarudisha kete nyuma. Hiyo inaruhusiwa?"

Kutoka chumba cha nyuma zilikuja pumzi nzito za usingizi tu.

"Dada?"

"Haya," alisema mzee, kwa sauti ya chini, kama anayemnyamazisha mtoto, na wakaendelea kucheza.