Siku Niliyoziba Ndiva kwa Mgongo

Jamani, hii habari nilikusudia kwenda nayo kaburini, ila watu wa kwetu Mhezi wameshaifikisha mpaka Same mjini, basi bora mnisikie mwenyewe: mama wa mchumba wangu alinishuhudia nimekaa ndani ya tundu la maji nikiwa na shimizi tu. (Ndiyo, shimizi. Subirini.)

Mama yake Elirehema, huyo mchumba wangu, alipanda mlimani kuja kunitazama, hakuna aliyesema hivyo lakini kila mtu alijua, na baba alishanionya nisijifanye mjuaji. Basi mimi, baada ya chai, nikamwomba nimpeleke kwenye bustani ya kijiji. Ni kiwanja cha majani tu kando ya ndiva, lile bwawa letu la kukusanyia maji ya mfereji, kina magogo ya kukalia na bembea moja, lakini ndipo marehemu mama alipokuwa akinikalisha akingoja zamu yake ya maji, na tangu tumzike sikuwahi kuthubutu kupakanyaga. Nilitaka huyu mama apaone. Nilitaka anipende, niseme ukweli.

Tulipofika machozi yalinitoka kwa kumkumbuka mama, na hata hayajanikauka, yeye akateleza akazama kwenye tope, viatu vyake vya kanisani (vyeupe!) havitamaniki. Ukingo wa ndiva ni mrefu, huwezi kuinama ukachota. Nikamwambia asijali, namfungulia maji kidogo. Tangu utotoni niliwaona wazee wakikitikisa kile kizibo, gogo limeviringishwa magome ya mgomba, maji yanatoka kiduchu. Kumbe walikuwa wakikitikisa bwawa likiwa limeshapungua, na asubuhi ile lilikuwa limejaa mpaka juu, maji ya usiku kucha. Niligusa tu, gogo likachomoka likaenda zake na maji.

Sasa anayejua Upare anajua kwamba maji ya ndiva yana mwenyewe. Zamu ilikuwa ya Mama Naetwe, mjane, jirani yetu, maharage yake yametoa maua na udongo umepasuka, na mfereji wa kwake ulikuwa haujafunguliwa, kwa hiyo yote yalikuwa yanashuka korongoni bure. Nikavua kitenge nikakisokota nikakisukumiza tunduni, kikaenda. Nikasukumiza majani, yakaenda. Nikageuka nikajipachika mwenyewe, makalio na mgongo, miguu nimeikita kwenye mawe, na kweli maji yakapungua, lakini nikijitikisa kidogo tu yanatoka tena.

"Mama," nikamwambia mkwe, meno yanagongana kwa baridi, "naomba upige yowe."

Alipiga. Akaja msimamizi wa ndiva, akaniangalia, akapuliza gunda, lile baragumu la kuitia watu msaragambo, kazi ya kijiji ambayo hakuna anayethubutu kuikosa. Basi wakaja wote na majembe yao, wake kwa waume, baba akiwa wa mwisho. Wakati wanakata migomba kutengeneza kizibo kipya nikaambiwa nisiinuke, nikabaki pale natazamwa, na kuna waliokuwa wanacheka wakaacha, maana Mama Naetwe alikuwa amefika ukingoni. Akatazama maji yaliyobaki, hata nusu hayakufika, akaanza kulia taratibu bila kumlaumu mtu. Hapo nilitamani ardhi inimeze, na wala si kwa ajili ya shimizi.

Kesi ikaamuliwa palepale: zamu ya nyumba yetu ya kesho yake apewe Mama Naetwe. Baba akakubali kwa kichwa. Nyanya za baba shambani zilikuwa zimeshaanza kunyauka zikingoja zamu hiyo, na tulizipita njiani wakati wa kurudi.

Mkwe alitembea peku njia nzima, viatu mkononi. Nikajua mchumba ndiyo basi. Tulipofika mlangoni baba akaanza kuniombea msamaha, mama wa watu akamkatiza.

"Ameharibu, mzee, hilo halifichiki. Lakini mimi ningekimbia."

Tukaoana. Bustanini bado naenda, nakaa nimekunja mikono, na cha watu sikigusi tena mpaka nife. Ila siku ya harusi kachumbari ilitengenezwa kwa nyanya za kununua Same, maana za kwetu zilishakauka, na baba, mkulima mzima, alizisogeza pembeni ya sahani moja moja, akala wali mtupu.