Kufunguliana

Jina la Kufuli hakupewa kwa sababu ya kazi, ingawa kazi yake ni kuchonga funguo. Alipewa kwa sababu ya mdomo. Akishasema neno, limefungwa na ufunguo umetupwa. Uje na machozi, uje na soda baridi, harudi nyuma. Kibanda chake kimeegemea ukuta wa duka la vifaa vya kuandikia, na upana wake hauwatoshi watu wawili kusimama bila kuombana radhi. Kila kilichomo kina vumbi la shaba, pamoja na nyusi zake mwenyewe. Siku hizi anakaa zaidi kuliko anavyochonga. Watu wameweka vitasa vya kubonyeza namba, kisha namba wanazisahau, kisha wanamwita avunje mlango. Anakwenda, anavunja, na anapowarudishia kile kitasa mkononi huwatazama kama mtu anayemrudishia mtoto kaptula aliyoikojolea.

Katika chumba cha nyuma cha duka hilo ndimo yalimofanyika mashindano ya kadi. Usidhani ni karata za kopa na shupaza. Hizi ni kadi zenye picha za majoka, mashujaa na ndege wa vichwa viwili, zinauzwa katika pakiti zilizofungwa, usijue kilichomo mpaka uchane. Wako wanaozicheza kwa seti walizopanga nyumbani, na hao Kufuli aliwadharau tangu zamani. Mtu ananunua kila kadi kali, anazipanga kama alivyoelekezwa na simu, halafu anajiita fundi. Kwake yeye huyo ni sawa na mwanafunzi aliyekuja kwenye mtihani na karatasi iliyokwisha kujazwa.

Mashindano aliyoyasimamia yeye yalikuwa ya pakiti. Kila mchezaji alikabidhiwa pakiti sita pale pale mezani, zikafunguliwa, na katika kilichotoka humo akaunda seti ya kadi arobaini. Kadi za ardhi, ambazo ndizo nguvu ya kuchezea zile nyingine na hakuna anayezililia, alichota kwenye boksi la wote kadiri alivyotaka. Zaidi ya hapo hakuna. Ukikutwa na kadi iliyotoka mfukoni, hata iwe ya konokono, unatoka nje. Ukipata takataka, unacheza na takataka zako na unatafuta akili ya kuzitumia. Hapo ndipo mtu alipojulikana ni mtu au ni suruali tu.

Kanuni hizo zilikuja na mchezo. Moja tu ilikuwa ya Kufuli. Miaka ile, mwenye duka wa zamani, ambaye sasa ni marehemu, alimwita atengeneze kitasa cha chumba hicho. Akakuta watu wazima wawili wameshikana mashati, mmoja akidai mwenzake amechomeka kadi ya nyumbani kati ya zile za pakiti. Kufuli aliendelea kukaza skrubu zake mpaka kelele zikamchosha. Akasema, bila kugeuka, kwamba yeye hafungui mlango wa mtu bila jirani kusimama pale akiona; wao kwa nini kila mmoja anajifungulia peke yake kama mwizi? Si kila mtu amfungulie mwenzake?

Tangu hapo ikawa hivyo, na yeye akafanywa msimamizi. Pakiti zako alizichana aliyeketi mbele yako, akakutolea kadi moja moja, uso juu, na wewe ukamtolea zake. Utaratibu huo wakauita kufunguliana. Watu walilicheka neno, kisha wakalizoea, kisha likawa adabu. Uliweza kulitoa kwa mkono wako mwenyewe lile joka litakalokumaliza jioni, na ulipaswa kumwekea mwenzako mbele yake bila kubadili uso. Aliyesonya alihesabiwa hana malezi. Wapo waliompongeza mpinzani kwa kadi waliyomtolea wenyewe, na wakamaanisha. Watu wa namna hiyo wameisha. Wengine wamekufa, na waliobaki wamenunua simu.

Marehemu alipoondoka, duka lilichukuliwa na mkwe wa Kufuli, mume wa binti yake wa pekee. Mkwe huyu si mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi Kufuli kuliko yote, kwa sababu alikosa pa kumshikia. Anaamkia, anainama, anamwita Baba. Akitaka kukuambia jambo alilokwisha kuliamua, husema, "Tusaidiane mawazo."

Alikuja kibandani wiki ile, akaamkia, akasimama mlangoni na mikono nyuma. Akaomba wasaidiane mawazo. Kufuli akaweka tupa chini, akajua ameshakwisha.

Habari ilikuwa kwamba wachezaji wa siku hizi wanataka kujirekodi wakifungua pakiti zao wenyewe. Hiyo ndiyo raha yao. Mwingine akikufungulia, raha ameipata yeye, wewe umebakiwa na kadi. Watu wanalalamika, wanahamia kwingine. Kufuli akauliza kama hao watu wanakuja kucheza au wanakuja kuchana karatasi, maana kama ni kuchana, atawapa magazeti. Mkwe akacheka kile kicheko cha wakwe, cha meno bila koo. Walivutana mpaka wakafika mahali: Jumamosi wajaribu, kila mtu ajifungulie. Kukitokea vurugu yoyote, kufunguliana kunarudi na mkwe hataligusa jambo hilo tena. Kukipita salama, basi, limekwisha.

"Na mimi?" Kufuli akauliza.

"Wewe si utabaki msimamizi wetu, Baba."

"Msimamizi wa nini?"

Mkwe akaangalia funguo zilizoning'inia ukutani kana kwamba jibu lilikuwa limechongwa kwenye mojawapo. Akaaga.

Kwa hiyo Jumamosi Kufuli alibandika beji yake kifuani, akaenda kwenye chumba cha nyuma akiombea shari, mtu mzima na mvi zake.

Chumba kilikuwa kimegeuzwa studio. Kila meza ina kijiguu cha kushikia simu, na kila simu ina mtu anayeisemesha. Wanaume wenye ndevu, wenye watoto shuleni, waliiambia simu "karibuni tena marafiki zangu," na hapakuwa na rafiki hata mmoja. Walichana pakiti wakipiga kelele kama wamekanyagwa. Kisha, na hili Kufuli alilitazama mara mbili ili awe na hakika, walipoona kadi waliinamia simu kwanza kuuliza kama ni nzuri. Simu ikisema nzuri, ndipo wanafurahi.

Aliyewazidi wote alikuwa yule waliyemwita Taa. Alitembea na taa ya duara kubwa kama sahani ya karamu, akiiweka mbele ya uso wake hata mchana, meno yakimeta, macho yakiwa na viduara viwili vyeupe katikati kama ya samaki wa sokoni. Mbele yake aliketi muuguzi mmoja, mwanamke wa makamo aliyekuja moja kwa moja kutoka zamu yake, viatu vya kazi bado mguuni. Alicheza hapo tangu enzi za marehemu. Alipoketi alinyoosha mkono kwa mazoea, apewe pakiti za mwenzake amfungulie. Taa akadhani anasalimiwa. Akaushika, akautikisa, akamwambia amefurahi kumfahamu.

Kufuli alimeza kicheko kichungu kama dawa.

Michezo ikaenda, jioni ikaingia, na hakuna vurugu. Waliofungwa walisema simu iliwadanganya. Mkwe alipita katikati ya meza akitabasamu, na binti yake Kufuli, aliyekaa kwenye kaunta akiuza soda, hakumtazama baba yake machoni. Fainali ikabaki ya Taa na muuguzi.

Kabla ya fainali msimamizi hukagua kadi zote za wawili hao, za kwenye seti na zilizoachwa pembeni. Kufuli alianza na za Taa. Katika kila pakiti kuna kadi moja tu yenye ukingo wa dhahabu; pakiti sita, kadi sita za dhahabu. Hata mlevi angehesabu. Taa alikuwa nazo saba, na ya saba ilikuwa Joka la Dhahabu, ambalo alikuwa akiwafungia watu tangu asubuhi.

Kufuli akazipanga mezani kwa mstari, akamwambia ahesabu mwenyewe.

Taa akahesabu. Akafikiri. Halafu uso ukamfunguka, akacheka kama mtu aliyekumbuka alipoweka miwani.

"Aa, hilo! Hilo lilikuwa la video tu, mzee wangu."

Akaeleza kwa furaha, wala hakuona aibu. Alipofungua pakiti mara ya kwanza, mwanga ulikuwa hafifu, tena kilichotoka kilikuwa kibaya. Basi akazirudisha kadi ndani, akachomeka na joka lake la nyumbani ili watazamaji wapate kitu, akafungua upya akipiga kelele. Alifurahi sana. Alifurahi mpaka akasahau. Simu ikamwambia joka ni kali, alitie kwenye seti, naye akalitia.

Kufuli amewaona wezi wengi, maana kazi yake inawavuta. Mwizi anajua anachoiba. Huyu alikuwa amejidanganya mwenyewe mbele ya taa yake mwenyewe, akasadiki, akatoa na machozi. Hata kosa la kumtia mtu aibu hakuliweza.

Lakini moyoni furaha ilimpanda mzee mpaka masikioni. Shari imekuja. Akatamka kanuni: kadi ya nje, mchezaji nje. Mkwe akamvuta pembeni, jasho likimtoka, akasema watu wanaitazama fainali hii kwenye simu zao, haiwezi kuwa ya mtu mmoja. Kufuli akamwacha atapatape kidogo, kisha, kinyume na jina lake, akampa njia. Wote wawili wapewe pakiti mpya, wafunguliane mbele ya kila mtu, waunde seti upya, wacheze.

"Na neno letu la kibandani?"

"Lipo, Baba. Kumetokea vurugu, kunarudi."

Binti alisikia kutoka kaunta. Safari hii alimtazama baba yake, na akaitikia kidogo kwa kichwa, kama alivyokuwa akifanya utotoni akiulizwa kama amekula.

Kufuli alisimama kati ya meza, mikono nyuma, kifua mbele na beji juu yake. Taa alimfungulia muuguzi pakiti zake kwa haraka, akimwaga kadi kama mtu anayekung'uta mkeka. Ikafika zamu ya muuguzi. Alichana polepole, akatoa moja moja, uso juu, akizielekeza upande wa Taa ili asome bila kugeuza shingo. Pakiti ya kwanza mpaka ya tano zilitoa vitu vya kawaida. Akachana ya sita.

Taa wakati huo alikuwa ameinama chini ya meza, anahangaika na waya wa taa yake.

Joka la Dhahabu lilikuwa la tatu kutoka juu. Alilitoa, akalishika. Kufuli aliliona, na mkwe aliyesimama nyuma yake aliliona. Lilikuwa joka la halali, limetoka ndani ya pakiti, mkononi mwa mtu ambaye litamuumiza. Uso wa muuguzi ulikaa kama ulivyokuwa. Akaliweka mezani, akaligeuza upande wa mwenyewe.

"Kaka, hili ni lako."

Kufuli alikuwa amesahau kwamba ni jambo zuri hivyo.

Taa akainua kichwa, akaona, akashika mashavu kwa mikono miwili.

"Dada, subiri, subiri. Sijarekodi. Lirudishe ndani, litoe tena, halafu ushangae kidogo."

Hakuna aliyecheka. Watu walikuwa wanainua simu zao.

"Pakiti haifunguliwi mara mbili," Kufuli alisema.

Mkwe akamsogelea sikioni, kwa heshima zake zote. "Baba, mara moja tu. Si bado ni kufunguliana? Tena kutapendeza, watu wauone utaratibu wetu wa zamani."

Hapo Kufuli alielewa. Kanuni yake ingebaki. Ingebaki kila Jumamosi, chini ya taa, na watu wakishangaa kwa zamu. Akabandua beji, akaitupia kwenye boksi la kadi za ardhi.

"Ungeizika tu, mwanangu," akamwambia. "Kuiua umeiua, sasa unataka icheze."

Akatoka kwa mlango wa nyuma, ule ambao kitasa chake alikifunga yeye, na akaurudishia taratibu, kwa sababu kitasa hakikuwa na kosa.

Wiki iliyofuata binti yake alimletea chupa ya chai kibandani, akakaa kwenye kigoda, akazungumzia watoto. Kuhusu duka hakusema, naye hakuulizwa. Chai ilikuwa na sukari nyingi, kama anavyoweka mtu mwenye hatia.

Muuguzi alikuja siku nyingine, na ufunguo wa kabati la kazini uliopinda. Alitaka mwingine. Kufuli akatafuta ufunguo mbichi, ambao haujachongwa meno, unaofanana, akaubana kwenye mashine, na kabla ya kuiwasha akauliza, kama anayeuliza habari za mvua, kama ile video ilipendeza.

"Video gani? Nilimwambia nimeshafungua. Akabembeleza, mkwe wako naye akabembeleza. Nikakunja mikono nikakaa."

"Mkacheza?"

"Tukacheza. Akalileta lile joka mapema tu." Muuguzi akainua mabega. "Nilimfungulia, akanifunga."

Kufuli alibaki na mkono juu ya swichi.

"Ulisonya?"

"Sikusonya, mzee wangu."

Mzee akageuza uso kuelekea ukuta wa duka, akasonya kwa niaba yake, msonyo mrefu uliotoka chini kabisa ya tumbo, mpaka vumbi la shaba likamdondoka kwenye nyusi. Kisha akawasha mashine, akamchongea ufunguo.