Samaki wa Kemigisha

Mimi Eugenia mdomo wangu unajulikana Kamuli nzima, na sijawahi kuukana. Nafagia ofisi ya chama cha wakulima wa kahawa, nachemsha chai, nafungua mlango asubuhi na kuufunga jioni. Mtu akinikanyagia sakafu mbichi na matope yake nitamwambia papo hapo, awe mkulima, awe mkubwa kutoka wilayani. Kwa hiyo msidhani leo nimeanza kusema kwa sababu nina uchungu. Kusema nasema kila siku. Ila hili limenishinda.

Karani wetu ni Benadeta. Tunamwita Mama Kemi, kwa jina la mtoto pekee aliyejaliwa, Kemigisha, aliyekuwa mwalimu Mwanza. Mwaka juzi Kemigisha aliugua homa siku tatu, ya nne tukaambiwa hayupo tena. Miaka ishirini na sita, jamani! Tukamzika kwao, migombani nyuma ya nyumba, kando ya kaburi la baba yake. Mvua ilinyesha tangu jeneza linateremshwa mpaka watu wanatawanyika.

Vitu vyake vilikuja kutoka Mwanza kwenye lori la mtu wa ukoo: godoro, sufuria, mabegi mawili ya nguo, na ndoo ya plastiki iliyofunikwa kitenge. Siku ya kumaliza msiba mashangazi wakagawana. Mashangazi wale, Mungu anisamehe, wana mikono mirefu. Huyu magauni, yule viatu, mwingine godoro, hata kioo cha kujitazamia kikapata mwenyewe. Walipofunua ndoo wakakuta samaki mmoja mwekundu, hazidi kidole changu, mapezi yake marefu yamening'inia kama pindo la gauni la bibi harusi. Na kando ya ndoo, kitangi chake cha kioo. Wakacheka weee! Mmoja akasema hata mboga ya mtu mmoja hatoshi. Basi huyo ndiye aliyeachiwa mama mtu.

Fundi simu wa pale senta alimtafutia habari kwenye mtandao, akamwambia samaki huyu anaitwa beta, na baridi inamuua. Sasa baridi ya asubuhi ya huku si ya kusimuliwa, na nyumbani kwa Mama Kemi hakuna umeme. Ndiyo maana akamleta ofisini, akamweka juu ya kabati la mafaili, taa inawaka ubavuni pake saa zote. Jioni kabla ya kutoka alikizungushia kitangi shuka. Maji ya kubadilisha aliyaacha siku mbili ndani ya ndoo chini ya meza, kisha anayapasha kidogo, anatia kiwiko kupima, vilevile anavyofanya mtu anayetaka kumwogesha mtoto mchanga. Chakula chake kilikuwa vipunje vyeusi vidogo anavyoletewa na dereva wa basi kutoka Mwanza. Vikiisha kabla basi halijafika, Mama Kemi anainama kwenye pipa la mvua na kichujio cha chai, anavua viluwiluwi vya mbu.

Nilimtania sana. "Mama Kemi, mbu wote wanaliwa na mwanao, sisi wengine tutaumwa na nini?" Alikuwa akitabasamu, anaendelea na kichujio chake.

Siku moja tu ndipo aliponijibu. Tulikuwa wawili, yeye anamwangalia samaki, mimi napangusa vioo vya madirisha. Akasema, "Eugenia, mwanangu amekufa mimi sipo. Mwenzangu huyu alikuwapo chumbani. Kemi alikuwa akimlisha, akimsemesha. Hata jina alilompa silijui. Fundi ameniambia hawa hawaishi miaka mingi, akifika mitatu, minne, ndiyo basi. Mimi simwombei Mungu kitu kingine siku hizi. Namwomba huyu asiondoke." Tangu siku hiyo nikawa namsalimia samaki nikiingia na ufagio.

Julai hii, katikati ya msimu, Mama Kemi akaitwa kwenye semina ya makarani Kayanga, siku mbili. Alinipa maagizo mara tatu nzima mpaka nikakasirika. Vipunje vitatu asubuhi, vitatu jioni. Taa isizimwe. "Na maji usiguse, mdogo wangu. Nikirudi nitabadilisha mwenyewe." Nikamwambia nenda dada, kwani mimi mtoto?

Siku ya kwanza ilikwenda salama. Siku ya pili asubuhi akaja Mzee Ndyamukama, mkulima wetu wa siku nyingi, kuuliza tutapokea kahawa ya maganda mpaka lini. Nikamwamkia shikamoo, nikamkalisha, nikamletea kahawa ya kutafuna. Huku kwetu Wanyambo mgeni hakai mikono mitupu. Tunachuma kahawa ikiwa bado mbichi, tunaichemsha na majani yenye harufu nzuri, tunaikausha, tunaiweka kwenye kikapu kidogo chenye mfuniko. Mgeni anachukua punje, anatia kinywani, ndipo maneno yanaanza. Kumnyima ni sawa na kumwambia inuka uende.

Mzee akatafuna, macho yake yakapanda juu ya kabati.

"Na huyu?"

"Huyo wa Mama Kemi, mzee. Aliachwa na marehemu."

"Hilo najua, nilikuwapo msibani. Ana muda gani hapa?"

"Huu mwaka wa pili."

"Na kahawa mlimpa?"

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka. Akasema, "Mtoto wa watu ametoka Mwanza na msiba mabegani, mmempandisha juu ya kabati miaka miwili, hakuna hata mmoja aliyempokea! Mnyambo gani anafanya hivyo?"

Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza. Utani ulininogea. Nikamsogezea kikapu, nikasema, "Haya mzee, mpokee wewe basi." Mzee akasimama, akachukua punje mbili, akazidondosha majini kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, kwa heshima zote. Samaki akapanda, akaionja moja, akaitema, akaionja tena. Tukafurahi wote wawili. Nikasema amekubali, sasa ni mwenyeji. Kisha wakaingia watu wenye magunia, nikatoka kuchemsha chai, mzee akaenda zake, na punje zikabaki mle ndani. Sikuzikumbuka tena.

Mchana narudi kuchukua vikombe, natupa jicho kabatini. Maji yamekuwa rangi ya chai. Samaki amelala ubavu kwenye kokoto, anapumua harakaharaka. Yesu wangu! Niliita jina hilo mpaka mtu anayepima kahawa kwenye mizani nje akaja mlangoni kuniuliza nimeumwa na nini. Sasa nisikilizeni akili yangu ilivyofanya. Ndoo ya maji yaliyotulia siku mbili ilikuwa palepale chini ya meza, mguu wangu umeigusa. Mimi nikakimbia nje, nikachota kwenye pipa la mvua, baridi tupu, nikamwaga yale yenye rangi ya chai na kumtia samaki kwenye hayo ya mvua. Akazunguka kitangi mara moja kwa kasi. Nikasema asante Mungu wangu, amepona. Akashuka chini taratibu, akafumbua na kufumba kinywa, na ilipofika saa tisa kinywa hakikufumbuka tena.

Nilikaa pale na ufagio wangu sijui nifanye nini. Nilitunga uongo mwingi. Nitasema baridi. Nitasema umri. Nitasema umeme ulikatika. Nani angenibishia? Asubuhi yake Mama Kemi akaingia, hata begi hajaweka chini, akaenda moja kwa moja kabatini. Uongo wote ukaniponyoka.

"Mama Kemi, nimempa kahawa. Mimi na Mzee Ndyamukama, tulikuwa tunatania. Halafu nikamtia maji baridi. Nisamehe dada yangu. Nitukane."

Hakunitukana. Heri angenipiga, maana kofi nalijua linavyouma na linavyoisha. Alitia mkono majini, akamwinua samaki kwenye kiganja, akamtazama. Mapezi yote yale marefu yalikuwa yamegandana, amebaki kitu kidogo chekundu kisicho na umbo. Akasema, "Kemi." Kisha akasema tena, kwa sauti, "Kemi! Kemi wangu!" Akakaa sakafuni, akapiga yowe la msiba. Watu waliokuwa kwenye mizani wakavua kofia, wakaja kujipanga ukutani nje, wanaulizana nani amekufa. Nilimshika mabega nikilia naye, nikajua nimevunja kitu ambacho sitakitengeneza maisha yangu yote.

Alipotulia aliomba karatasi. Aliandika barua ya kuomba ruhusa, mwandiko wake uleule mzuri wa karani, akanipa nimpelekee mwenyekiti wetu, Melkiory. Mwenyekiti akavaa miwani, akasoma, akairudia. Ilisema: nimefiwa na mwanangu Kemigisha, naomba siku tatu.

"Eugenia, huyu si tulimzika mwaka juzi? Mimi mwenyewe nilibeba jeneza."

"Ulibeba, Mwenyekiti. Weka saini. Mama yake amefiwa jana."

Akaniangalia sana, akaweka saini. Zile siku tatu zimekwisha, na wiki mbili nyingine zimepita, Mama Kemi hajarudi. Nimekwenda kwake mara nne, jirani anafunguliwa mlango, mimi naambiwa amelala. Wakulima wanaofika ofisini wanamuulizia, nawaambia amefiwa na mtoto. Wanasikitika, wanasema maskini, kisha wanauliza mtoto ameuawa na nini. Mimi Eugenia, mwenye mdomo wangu huu, nachukua ufagio naingia ndani.