Kirekodi Joto Kutoka Bariadi Hadi Friji ya Magembe

Nilikwenda Bariadi kwa sababu ya Kabula, mdogo wangu, tumbo moja. Nawaandikia ninyi wa huku nyumbani, wa Nassa na Kiloleli, mnaosema mpaka leo kwamba Kabula alikufa kwa ujinga wake. Someni mpaka mwisho, halafu mseme tena kama mdomo utafunguka.

Habari yenyewe mnaijua nusu. Mbwa mmoja mwenye kichaa alituuma wote wawili asubuhi moja, tukienda mwaloni kununua dagaa kwa wavuvi. Mimi siku hiyo nilikuwa na safari ya Dutwa kwa binti yangu Limi, aliyekuwa amejifungua. Nikapanda gari na mguu umefungwa kitambaa, nikapitiliza mpaka Bariadi, nikachomwa sindano huko mpaka zikaisha. Kabula alichomwa hapahapa, zahanati ya kijiji chetu, na hakukosa hata moja. Mimi nipo. Yeye, mtoto wa ziwani, alikufa anaogopa kikombe cha maji.

Msibani Magembe akasimama. Magembe ndiye aliyekuwa mganga mfawidhi wa zahanati yetu, mkubwa wa pale. Akasema sindano zilikuwa nzima, marehemu ndiye aliyezichanganya na miti shamba. Lugata, mume wa Kabula, akaitikia kwa kichwa. Mtu amelala kwenye jeneza, anatukanwa na aliyemchoma na aliyemuoa. Mimi nilimlea Kabula. Hata mwarobaini wa malaria alikuwa anautapika. Miti shamba gani hiyo aliyoinywa?

Mvua zilipokwisha, wito ukaja kutoka mkoani. Zahanati yetu inapewa kifaa cha kupima joto la friji ya chanjo. Waende watu wawili Bariadi wakafundishwe, mfawidhi na mjumbe mmoja wa kamati ya zahanati. Mjumbe ni mimi. Mlinichagua kwa sababu napiga kelele kwenye mikutano, mkadhani kelele ni kipaji.

"Nenda tu wewe, mama," Magembe akaniambia. "Mimi nina wagonjwa. Kanywe soda ya serikali."

"Na nikiulizwa jambo la kitaalamu?"

"Tabasamu."

Asubuhi ya safari nilitoka Nassa kwa pikipiki hadi Lamadi, ziwa likiwa bado jeupe nyuma yetu na harufu ya dagaa imenikaa kwenye nguo. Pale Lamadi nikapata basi la Bariadi. Ukishaacha ziwa, nchi inakauka mbele ya macho yako. Mashamba ya pamba, ng'ombe wanavuka barabara bila haraka kama waliijenga wao. Dutwa tulisimama, marobota yamepangwa kando ya njia, baiskeli zimebeba magunia ya mahindi kuliko punda. Nilimtafuta Limi dirishani, sikumwona. Tukaendelea.

Bariadi tuliwekwa kwenye ukumbi mdogo nyuma ya ofisi. Aliyetufundisha ni binti mmoja wa mjini, Rehema, mtaratibu, ushungi wake umebanwa vizuri. Mimi na darasa langu la nne nilikaa mbele kabisa ili nisipitwe na kitu.

Kifaa chenyewe kidogo, kama kiberiti, cheupe, kina kioo na kitufe kimoja. Wanakiita kirekodi joto. Kila baada ya dakika chache kinapima joto la pale kilipo na kulihifadhi ndani, hakichoki wala hakipewi chakula. Unakishika kitufe, hukiachii mpaka alama itokee kwenye kioo, hapo kimeanza kazi. Unakiweka rafu ya katikati, katikati ya chanjo zenyewe. Usikiweke mlangoni, huko joto linaingia kila mlango ukifunguliwa, wala usikigusishe kwenye barafu, kitakudanganya. Joto likikaa kati ya nyuzi mbili na nane, kioo kinaonyesha alama ya vema. Likizidi, kinaweka msalaba, na msalaba huo hauondoki, ingawa kupima kunaendelea. Mwisho wa mwezi unakileta, kinachomekwa kwenye kompyuta, mstari wa siku zote unajichora wenyewe.

"Na kibonyezwe kikiwa kwenye friji tayari," Rehema akasema. "Msikibonyezee hapa."

Halafu akasema neno ambalo ndilo nililoliendea bila kujua. Akasema chanjo ikishapata joto hairudi. Ukiitia tena kwenye baridi inakuwa ya baridi tu, nguvu haimo.

Nikanyoosha mkono. "Hata ya kichaa cha mbwa?"

"Hata hiyo, mama."

"Na mtu akichomwa hiyo iliyokufa?"

"Amechomwa maji."

"Mwenye kuchoma ataijuaje?"

"Kwa macho haijulikani. Ndiyo maana tunaweka hiki."

Soda ikapita, sikuiona. Nilikuwa naifikiria friza ya Magembe. Mnaijua ninyi nyote. Iko nyumbani kwake, hatua chache kutoka zahanati, waya wake umepita juu ya uzio kutoka kwenye umeme wa jua wa zahanati. Barafu ya samaki tunanunua kwake, soda ya baridi kwake. Nani kati yetu aliwahi kuuliza umeme ule wa betri unabebaje friji na friza usiku kucha? Tulikunywa, tukafuta midomo.

Mchana nikafika stendi ya Bariadi kurudi nyumbani, na hasira zangu. Nikawaza, nikifika, Magembe akanisimamia kichwani, nitakosea kitufe. Basi nikakibonyeza palepale stendi mpaka alama ikatokea. Rehema alikuwa ametukataza, najua. Nikakifunga kwenye pindo la khanga, fundo gumu, nikalichomeka kifuani. Ndivyo mama zetu walivyosafiri na kitu cha thamani, na mimi sina mkoba ninaouamini kuliko kifua changu.

Dutwa gurudumu likapasuka. Kondakta akasema dakika kumi, nikajua ni mpaka jua lipinde, nikaenda kwa Limi.

"Mwadila, mayu," Limi akanisalimu, mtoto mgongoni. "Una nini hicho kifuani, kimevimba hivyo?"

"Polisi."

Akacheka. Nikataka kuoga vumbi, nikaogopa kukilowesha, nikafungua fundo na kukiweka juu ya kifuniko cha mtungi wa maji, kwenye kivuli ndani, pale pabichi. Nilioga, nikala viazi, nikambeba mjukuu. Basi likapiga honi, nikakirudisha kifuani nikakimbia.

Lamadi tulifika jioni. Pikipiki zote zilikuwa zinataka abiria wawili, nami nilikuwa mmoja. Nikapata pikapu inayopeleka barafu mwaloni kuchukua samaki. Dereva akanitandikia gunia juu ya mabonge ya barafu. "Kaa hapo, mama, leo utafika mbichi," akasema. Fundo lilikuwa linanichoma ubavu kila shimo la barabara, nikalitoa kifuani nikaliweka kando yangu juu ya gunia. Makalio yalikufa ganzi mpaka Nassa.

Zahanati ilikuwa bado wazi. Nikamkabidhi Magembe kile kifaa, nikamweleza nilikokibonyeza na nilivyokibeba, na kumwelekeza. Akakitazama kwenye kioo. Msalaba ulikuwa umeshajiweka.

Alicheka mpaka akashika meza. "Mama Limi, umekiua. Umekipika kifuani."

"Kiweke rafu ya katikati," nikamwambia.

"Nakiweka, nakiweka. Kipumzike, marehemu." Akakitumbukiza katikati ya chanjo kweli, akafunga mlango. Halafu akaacha kucheka. "Ila na hayo macho yako mekundu, usizoee kusogelea friji ya watoto. Watu wa huku unawajua wanavyomfanya mwanamke wa macho mekundu."

Macho yangu ni mekundu kwa moshi wa kukausha samaki, kama ya kila mwanamke wa mwaloni. Alijua. Alisema niogope kuitwa mchawi, nisilale. Mimi nililala, kwa sababu nilikuwa nimeona jambo ambalo yeye hakuliona. Alikuwa ameamini kile kifaa kimekufa.

Mwisho wa mwezi tukaitwa kurudisha vifaa. Safari hii Magembe alikuja mwenyewe, shati limepigwa pasi, akakaa kiti cha mbele, mimi nyuma na kirekodi kwenye pindo. Dutwa hatukusimama. Njia nzima Magembe hakunigeukia hata kunipa salamu.

Bariadi, ukumbi uleule, Rehema na mkubwa wake, Bwana Shija, mtu wa saa mkononi anayoitazama kuliko watu. Rehema akakichomeka kwenye kompyuta. Mstari ukajichora. Kwanza vilima vikubwa, halafu meno, meno, meno, kama msumeno, na mwishoni kilima kimoja cha safari ya asubuhi ile.

"Hiki ni kibovu," Magembe akasema, mtulivu kabisa. "Mama alikibonyeza stendi akakibeba kifuani, ndiyo maana msalaba ulikuwepo kabla hakijaingia kwenye friji. Mimi thamometa yangu nasoma kila asubuhi, nyuzi nne."

Shija akakunja uso kwangu. "Ni kweli, mama?"

"Kweli."

"Basi Rehema, futa hiyo, tumpe kingine. Tuna vituo vingi."

Nilisikia Kabula anazikwa mara ya pili. Nikasema, sauti ikiwa juu kuliko inavyofaa ofisini, "Mnafuta nini wakati hamjaniuliza nilipita wapi?"

Shija akaitazama saa. Rehema, Mungu ambariki, akaigeuza kompyuta, kioo kikawaelekea wao, mimi nikabaki naona mgongo wa kompyuta. "Tuambie, mama. Taratibu, kituo kwa kituo."

Nikawasimulia kama nilivyowasimulia ninyi hapa juu. Nimetoka stendi, jua kali, kiko kifuani.

"Nyuzi thelathini na tano, sita," Rehema akasema.

Dutwa gurudumu limepasuka, nimekiweka juu ya mtungi, kivulini, nimeoga, nimekula.

"Kinashuka. Kinakaa chini muda kidogo. Kinapanda tena."

Nimekirudisha kifuani nikakimbilia basi. Halafu Lamadi, jioni, nimekalia barafu, nimekiweka juu ya gunia.

Rehema akasogeza uso karibu na kioo. "Kinashuka sana," akasema. "Bwana Shija, tazama. Kinashuka kabisa."

"Halafu nimefika, yeye mwenyewe amekitumbukiza kwenye friji, rafu ya katikati."

"Kinatulia nyuzi tano." Kidole chake nilikiona kinatembea juu ya ukingo wa kioo. "Kimesema kweli njia nzima. Na huku mbele, mama? Kila usiku kinapanda, kila asubuhi kinashuka. Hapa ulikuwa wapi?"

"Hapo mimi simo," nikasema. "Hapo yumo yeye na friza yake. Mwulizeni alikuwa anachomoa nini usiku na anachomeka nini."

Magembe akafungua mdomo. Mimi nilikuwa na basi, mtungi, gunia la barafu, dereva, binti yangu. Yeye hakuwa na hata kituo kimoja cha kusimulia. Akasema betri. Akasema panya. Akasema mlinzi. Shija akaacha kuitazama saa.

Njiani kurudi nilikaa kiti cha mbele. Sikufurahi, msidhani. Nilikuwa nahesabu watoto wa kijiji waliochomwa mikono wakalia, mama zao wakawabembeleza, kumbe wamechomwa maji.

Nyumbani sikuanzia kwangu, nilianzia kwa Lugata. Nilimkuta anafunga nyavu. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama.

"Shemeji," akasema, "mtu ameshakufa. Itasaidia nini?"

"Itasaidia usimwite mjinga."

"Mimi sikumwita. Daktari ndiye aliyesema."

"Wewe ulitikisa kichwa. Mbele za watu. Simama mbele za watu hao hao ukitikise upande wa pili."

Akasema ataangalia. Anaangalia mpaka leo.

Na Magembe? Amehamishwa. Shija alinitumia ujumbe kwamba suala limeshughulikiwa. Kushughulikia kwao ni kumpakia mtu kwenye gari na friza yake nyuma, akawe mfawidhi wa watu wengine ambao hawajui kitu. Nilimwuliza Shija wamempeleka wapi, akasema hilo ni la ofisi. Watoto waliitwa kuchomwa upya, mkaambiwa ni kampeni ya kawaida. Si kampeni. Ni uchafu wa Magembe unafagiliwa kimyakimya, na Shija ndiye ameshika ufagio.

Sasa friji ina muuguzi mpya na kirekodi kipya, kilichobonyezwa kikiwa ndani. Napita kukitazama kila ninapotoka mwaloni, na macho yangu mekundu. Alama ya vema ipo. Waya wa juu ya uzio niliukata mwenyewe kwa panga la kuparia samaki, na anayetaka kunishitaki ajue ninapokaa.

Nilichojifunza Bariadi ni hiki. Anayesema kweli anaweza kukusimulia alikopita, hata kama alikosea njiani, na mstari wake utakubaliana naye. Hayo ndiyo niliyowafanyia ninyi hapa, kituo kwa kituo, kwa sababu Lugata hataki kusimama na Magembe yuko mahali anavaa koti jeupe.

Kabula hakunywa miti shamba. Kila siku aliyoambiwa aje, alikwenda zahanati kwa miguu yake, akapandisha mkono wa gauni, akachomwa maji, akashukuru, "Wabeja, daktari," akarudi nyumbani kupika.